Siku tatu za baba: kutoka mashamba ya mkonge hadi Kifungu cha 34

Mwaka jana nikawa shangazi. Mtoto wa kwanza wa kaka yangu alizaliwa Jumanne alfajiri kwetu Msanzi, wilaya ya Kalambo, juu kwenye nyanda za Ufipa. Wifi alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia karibu na mama, kama wanavyofanya wengi ambao waume zao wanafanya kazi mbali. Kaka alikuwa Dar es Salaam, lindoni.

Asubuhi hiyo hiyo alikwenda kuomba ruhusa. Msimamizi wake alimwangalia, akacheka, akamuuliza, "Kwani umejifungua wewe?" Baadaye akamwambia sawa, sheria inasema siku tatu, chukua zako tatu, Jumamosi asubuhi uwe lindoni.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kutoka Dar hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa basi linalopita Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Kaka alipanda basi Jumatano alfajiri. Alishuka Sumbawanga Alhamisi kabla hakujakucha, akatafuta usafiri wa Msanzi, akafika nyumbani jua limeshatoka. Ili awe lindoni Jumamosi asubuhi, ilimpasa apande basi Ijumaa alfajiri, na ili aliwahi, ilimpasa arudi Sumbawanga mjini Alhamisi jioni akalale huko. Kwa hiyo siku tatu za baba, ukitoa barabara, zilibaki kama saa kumi. Alimbeba mtoto mara mbili. Mara ya pili mtoto alikuwa amelala.

Nilipoanza kulifuatilia jambo hili nilidhani nitaandika kuhusu sheria. Kumbe kila nilipoivuta kamba, upande wa pili kulikuwa na historia. Swali langu ni dogo tu: siku tatu zilitoka wapi? Kwa nini tatu, na si kumi au sifuri?

Sheria inasemaje hasa

Tuanze na maandishi yenyewe, maana wengi tunayasikia kwa mdomo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Kifungu cha 34, inampa baba angalau siku 3 za likizo yenye malipo, kwa masharti mawili: awe ndiye baba wa mtoto, na likizo ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho kabla ya kulipa. Kaka alituma picha ya tangazo la kizazi kwa WhatsApp, kwa sababu karatasi ilikuwa Msanzi na mwajiri alikuwa Dar.

Kuna kipengele ambacho watu wengi hawakijui. Siku hizo tatu zinahesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Na sheria inasema wazi kwamba hizo tatu ndizo jumla, haijalishi ni watoto wangapi wamezaliwa ndani ya mzunguko huo. Yaani ukipata mtoto mwaka huu, halafu mwingine baada ya miaka miwili, kisheria mwajiri wako hadaiwi kitu kwa yule wa pili. Mama, kwa upande wake, ana siku 84, na 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sheria inatambua kwamba mapacha ni kazi zaidi, lakini inatambua hivyo kwa mama tu. Baba wa mapacha ana siku tatu zile zile.

Ukiuliza mtaani kwa nini iko hivyo, jibu la kwanza utakalolipata ni "mila". Utaambiwa kwamba Mwafrika tangu zamani hajishughulishi na uzazi, hayo ni mambo ya wanawake, na likizo ya baba ni kitu cha Wazungu. Mimi ni mtu wa historia, na jibu la "tangu zamani" hunifanya niulize: zamani ipi?

Wahunzi waliosubiri chuma kizaliwe

Wafipa walijulikana sana kwa kuyeyusha chuma. Walijenga tanuri refu la udongo, lenye kimo cha kama mita tatu, lililovuta hewa lenyewe bila mifuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mifuo, ndipo kikafuliwa kuwa majembe na silaha. Kazi hii ilififia mwanzoni mwa karne ya 20, majembe ya dukani yalipoingia, lakini watafiti waliwahi kuwakuta wazee walioifanya, wakaandika walichoona na kuambiwa.

Walichoandika kinashangaza. Tanuri lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa na kushughulikiwa kama mwanamke anayeolewa, na chuma kilichotoka kilikuwa kama mtoto anayezaliwa. Wanaume waliofanya kazi hiyo walijitenga na wake zao mpaka kazi ikamilike, kwa imani kwamba mwenendo wao ungeweza kuharibu uzazi wa tanuri.

Tusivuke mpaka hapa. Hilo halithibitishi kwamba mwanaume wa Kifipa aliingia chumba cha kujifungulia. Wanawake walizuiwa kukaribia tanuri, kama wanaume walivyokaa mbali na uzazi wa kweli. Ninachosema ni kidogo zaidi. Katika utamaduni huu mwanaume alijua kwamba kuna kipindi ambacho kazi nyingine zote zinasimama, unabaki karibu, unachunga mwenendo wako, kwa sababu kuna kitu kinazaliwa. Kuacha shughuli kwa ajili ya uzazi hakukuwa wazo la kigeni. Na mkulima au mhunzi, hata kama hakumwosha mtoto, alikuwa kijiji kimoja na mtoto huyo.

Basi ni nini kilichomtoa kijijini?

Mfanyakazi asiyekuwa na mtoto

Babu yangu mzaa baba alikwenda Tanga kukata mkonge. Baba alizaliwa yeye akiwa huko. Babu aliporudi, mtoto alikuwa tayari anatembea, na bibi alikuwa akisimulia kwa kicheko, cheko ambalo sasa naona halikuwa la furaha tupu, kwamba mtoto alikimbilia ndani akisema kuna mgeni.

Babu hakuwa peke yake. Mwanahistoria Kapepwa Tambila, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1981 kuhusu historia ya mkoa wa Rukwa kuanzia miaka ya 1870 hadi 1940, ni mmoja wa waliotuonyesha jinsi maeneo ya pembezoni kama letu yalivyoingizwa katika uchumi wa kikoloni: si kwa kujengewa viwanda, bali kwa kutoa watu. Kigoma, Songea na Ufipa vilikuwa ghala la vibarua. Serikali ilidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha haikuwepo Ufipa. Ilikuwepo kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwenye mkonge wa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, ikawa inawasafirisha watu kutoka mbali kwa mkataba. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Tazama jinsi kazi hiyo ilivyohesabiwa. Kibarua alikuwa na kipande, kadi ya siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa alama 30 zilipotimia. Siku ambayo hukufanya kazi haikuwepo kwenye kadi. Haikuandikwa kwamba uliumwa, wala kwamba ulifiwa, wala kwamba ulipata mtoto. Ilikuwa tupu.

Na mshahara wenyewe ulipangwa kwa mtu mmoja. Mwajiri alihesabu chakula na mahitaji ya mwanaume mseja, hata kama alijua vizuri kwamba ana mke na watoto. Hao wangelishwa na nani? Na shamba la nyumbani, yaani na mke. Mama wa Ufipa aliyelima matuta ya mboji, akavuna mahindi na maharage, akalea watoto na kutunza wazee, alikuwa anamlipia mwenye mkonge sehemu ya mshahara ambayo mwenye mkonge hakuilipa. Bibi yangu hakuwahi kufika Tanga, lakini jasho lake lilifika.

Hapa ndipo jambo langu kuu lilipo, na kama utasahau mengine yote kumbuka hili: baba asiyekuwepo, tunayemwita wa mila, kwa sehemu kubwa alitengenezwa na mkataba wa kazi. Ajira ya mshahara katika nchi hii ilianza kwa kudhania kwamba mfanyakazi ni mwanaume asiye na mtoto. Sheria zilizokuja baadaye zilirekebisha mambo mengi, lakini dhana hiyo haikung'olewa. Iliwekewa viraka.

Kiraka cha kwanza: mama

Mwaka 1919, huko Washington, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipofanya mkutano wake wa kwanza kabisa, lilipitisha mkataba wa kumlinda mama mfanyakazi: wiki 12 za mapumziko, sita kabla ya kujifungua na sita baada. Zidisha 12 mara 7. Unapata 84. Ndiyo, siku 84 za mama wa Tanzania ni hesabu ile ile ya mwaka 1919.

Lakini hazikufika siku moja. Ni mwaka 1975 ndipo marekebisho ya sheria ya ajira yalipowapa wanawake wafanyakazi wa Tanzania siku 84 zenye malipo, mara moja kila baada ya miaka mitatu, wawe wameolewa au hawajaolewa. Hilo la mwisho lilizua mjadala mkali wakati wake, na lilikuwa ushindi mkubwa. Umeiona hiyo "miaka mitatu"? Ndiyo miezi 36 tuliyoikuta kwenye likizo ya baba.

Baba hakutajwa. Na hadi leo ILO haina mkataba wa kimataifa unaoweka kiwango cha likizo ya baba. Mama ana mikataba, wa mwaka 1919, wa 1952 na wa 2000. Baba ana mapendekezo na maazimio.

Kiraka cha pili: baba

Tanzania ilipoandika upya sheria zake za kazi mwaka 2004, ilichota mengi kutoka Afrika Kusini baada ya ubaguzi. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 ilikuwa na siku tatu kwa mwaka za majukumu ya familia, ambazo baba angeweza kuzitumia mtoto akizaliwa, mtoto akiugua, au akifiwa. Sheria yetu nayo iliweka uzazi na msiba katika kifungu kimoja: siku tatu kwa mtoto aliyezaliwa, nne kwa mtoto aliyeugua au ndugu wa karibu aliyefariki.

Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza nilisimama hapo. Sheria inakupa siku nyingi zaidi za kuzika kuliko za kupokea. Sisemi nne ni nyingi, msiba ni msiba. Nasema tu kwamba aliyeandika aliziona safari hizi mbili kuwa za aina moja: mfanyakazi kaitwa nyumbani kwa dharura, atakwenda na kurudi upesi. Ni safari ya mtu ambaye makao yake halisi ni kazini.

Majirani walichukua njia tofauti. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, ilimpa baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Uganda mwaka 2006 iliweka siku nne za kazi. Rwanda ilikuwa na siku nne, ikaongeza hadi saba mwaka 2023. Na Afrika Kusini wenyewe, tuliokopa kwao, hawakubaki kwenye tatu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 mzazi ambaye si aliyejifungua alipewa siku kumi mfululizo, na malipo yaliweza kudaiwa kwenye mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, si mfukoni mwa mwajiri. Sisi tulibaki na koti kuukuu, mwenyewe ameshalibadilisha.

Siku tatu za wachezaji wa Marekani

Sasa nikupeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna mahali pengine ambapo namba hiyo hiyo, tatu, ilipatikana, na mambo yakaenda kwa namna ya kutufundisha.

Marekani haina sheria ya taifa inayowapa wafanyakazi wa sekta binafsi likizo ya uzazi yenye malipo, hata kwa mama. Lakini mwaka 2011 ligi kuu ya besiboli ya huko iliweka utaratibu wa likizo ya baba: mchezaji anayepata mtoto anaweza kuondoka kwa siku moja hadi tatu. Wa kwanza kuutumia alikuwa Colby Lewis wa Texas Rangers, Aprili 2011. Watangazaji walimsema, lakini mtoto alizaliwa na ligi haikuanguka.

Kelele kubwa zilikuja mwaka 2014. Mke wa Daniel Murphy, mchezaji wa New York Mets, alijifungua siku ile ile msimu unapoanza. Murphy akakosa mechi mbili. Mbili, katika msimu wa mechi 162. Watangazaji wa redio wakamshambulia, mmoja akafika mahali pa kusema kwamba yeye angetaka mke afanyiwe upasuaji kabla ya msimu ili mechi ya ufunguzi isikoswe. Wananchi wakachemka, mtangazaji akaomba radhi. Murphy, kwa upole, alisema tu kwamba mke wake alihitaji awepo. Miezi miwili baadaye alikuwa Ikulu ya Marekani kwenye mkutano kuhusu akina baba wafanyakazi.

"Jifungue kabla ya msimu." Hebu linganisha na "Kwani umejifungua wewe?" Mmoja ni mtangazaji wa New York, mwingine ni msimamizi wa walinzi Dar es Salaam. Hawajawahi kukutana, na hakuna mila inayowaunganisha. Kinachowaunganisha ni yule mfanyakazi wa kufikirika, mseja, anayepatikana saa zote.

Lakini kilichonivutia zaidi kwenye besiboli ni jinsi utaratibu wenyewe unavyofanya kazi. Mchezaji akienda likizo ya uzazi, timu inaruhusiwa kumpandisha mchezaji mwingine kutoka timu ya chini ashike nafasi yake kwa siku hizo. Kabla ya 2011 timu ilibaki na pengo, na mchezaji alijisikia anawaangusha wenzake. Kwa hiyo ufumbuzi haukuwa huruma peke yake. Ulikuwa ni kupanga mbadala. Kaka yangu alipoondoka, mwenzake wa lindo ilibidi akeshe zamu mbili. Unadhani alipata mtoto wa pili ataomba tena kwa moyo mweupe?

Mpira wa miguu nao una kisa chake. Desemba 2017 mtoto wa David Silva wa Manchester City alizaliwa kabla ya wakati, na Silva akaruhusiwa kwenda na kurudi kati ya Manchester na Valencia, akikosa mechi kadhaa. Msimu ule City walitwaa ubingwa kwa pointi 100.

Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga

Turudi nyumbani. Kama wewe ni wa Sumbawanga unaukumbuka msimu wa 2020/21, Tanzania Prisons walipouhamishia nyumbani kwao Uwanja wa Nelson Mandela. Oktoba 2020 Simba walikuja, wakalala 1-0, na mji haukulala.

Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza. Mchezaji wa timu kama hiyo aliyeajiriwa kuwa askari ni mwanamichezo na ni mtumishi wa chombo cha dola kwa pamoja. Sasa fungua ile sheria ya 2004, Kifungu cha 2. Inasema haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hao wanaongozwa na taratibu za vyombo vyao. Maana yake, askari aliyefunga goli na kuwapa watu wa Sumbawanga furaha ya mwaka mzima hawezi hata kuzidai zile siku tatu kwa Kifungu cha 34. Hali ni hiyo hiyo kwa mchezaji-askari wa JKT Tanzania, wa Polisi Tanzania, wa Mashujaa ya Kigoma.

Na wale mashabiki jukwaani? Wengi wao ni wakulima, bodaboda, mama ntilie, mafundi, wachuuzi. Hawana mwajiri wa kuwapa siku yoyote. Kwa hiyo, siku tatu ni haki ya wachache kati ya akina baba wa Rukwa. Nakubali. Lakini sheria ya ajira huwa inafanya kazi mbili: inawalinda waliomo ndani yake, na inawaambia wote waliobaki jambo gani taifa linaliona la kawaida. Sheria inayosema siku tatu ndani ya miaka mitatu inamwambia hata mkulima kwamba baba ni mgeni anayepita kusalimia.

Mate ya Wahadzabe

Utasema: sawa, lakini maumbile je? Si mwanaume kaumbwa kwenda kutafuta?

Utafiti mmoja mzuri juu ya swali hili ulifanyika hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Peter Ellison walichapisha matokeo ya kupima mate ya wanaume wa jamii mbili jirani: Wahadzabe, ambao akina baba hubeba watoto na kukaa nao sana, na Wadatoga, wafugaji ambao kwa desturi baba hamhudumii mtoto mchanga kwa mikono yake. Walikuwa wanatafuta kiwango cha testosteroni, homoni inayohusishwa na ushindani na kutafuta wenza.

Kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti uliofuata huko Cebu, Ufilipino, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wanaume wale wale kwa miaka minne na nusu, ukaona kwamba kiwango hushuka mwanaume anapokuwa baba, na kwa wale wanaomhudumia mtoto kwa saa tatu au zaidi kwa siku kiko chini zaidi.

Tusiyakuze matokeo haya. Hayasemi jamii moja ina baba bora kuliko nyingine, na homoni haileti uji mezani. Yanachosema ni kwamba mwili wa mwanaume unaelekea kuitikia malezi anayoyafanya. Ubaba hauanzi na kuisha siku ya mimba. Unakua kwa kubeba, kuosha, kubembeleza. Na hivyo vinahitaji kitu kimoja ambacho hakuna dawa ya kukibadili: muda.

Siku zinaweza kuongezeka

Katika sherehe za Mei Mosi 2024 jijini Arusha, serikali ilitangaza kwamba mtumishi wa umma anayejifungua mtoto njiti ataongezewa muda wa likizo, na baba wa mtoto njiti atapata siku saba badala ya tatu. Habari hiyo ilipita haraka, lakini mimi naiona kubwa kuliko ilivyoonekana. Kwa mara ya kwanza idadi ya siku za baba ilifungwa kwenye hali ya mtoto. Mtu ameuliza: mtoto huyu anahitaji nini? Ukishaliuliza swali hilo kwa njiti, huwezi kulikwepa kwa mapacha, wala kwa mama aliyefanyiwa upasuaji, wala kwa baba ambaye mtoto wake yuko kilomita 1,100.

Wapo wanaosema wanaume wakipewa siku zaidi watakwenda kunywa. Wengine watakwenda, sikatai. Norway walikuwa na wasiwasi wa aina yake: akina baba waliruhusiwa kushiriki likizo ya wazazi, wachache sana wakaichukua. Mwaka 1993 wakatenga wiki nne ambazo baba asipozitumia zinapotea, haziwezi kuhamia kwa mama. Ndani ya miaka michache kuzichukua kukawa jambo la kawaida kwa akina baba. Wanaume walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kanuni.

Wapo pia wanaouliza gharama. Swali la haki, hasa kwa mwajiri mdogo. Ila mama anayechangia NSSF tayari ana fao la uzazi, na Afrika Kusini wametuonyesha kwamba mfuko unaweza kumbeba baba pia. Bibi yangu alibeba gharama hiyo miaka yote bila mtu kuiandika popote. Haikuwa bure, ililipwa na asiyeulizwa.

Kama wewe ni baba mtarajiwa na umeajiriwa, anza na haya. Sheria inasema "angalau" siku tatu, kwa hiyo mkataba wako au wa chama cha wafanyakazi unaweza kuweka zaidi, ulizia. Una siku 28 za likizo ya mwaka. Ukizipanga mapema na mwajiri, zinaweza kuunganishwa na hizo tatu. Toa taarifa mapema, mtafutie mwenzako mbadala, na usikubali kuchekwa.

Kaka anasema akijaliwa mwingine atafanya hivyo. Mwanawe sasa anakaribia kutembea. Juzi alimpigia wifi simu ya picha, mtoto akaitazama ile sura kwenye kioo, akaishika simu, akaigeuza kuangalia nyuma yake, kama anayetafuta mtu huyu amejificha wapi. Sote tulicheka. Halafu nikamkumbuka bibi na kile kicheko chake, nikanyamaza.